Kila Kitu Kimo

Kitu cha kwanza kupotea pale Caribia kilikuwa chumvi. Hakuna aliyeshtuka, maana nani hushtuka kwa ajili ya chumvi? Wageni walirudisha samaki wakisema hana ladha, wakarudisha wali wa maharage, wakarudisha hata vibanzi ambavyo mpishi alikuwa amevinyunyizia chumvi mbele ya macho yao. Jikoni chakula kilikuwa sawa kabisa. Kikifika mezani, kilikuwa kama kimepikwa kwa ajili ya mgonjwa wa presha.

Ieleweke mapema kwamba Caribia haikuwa visiwa vya Karibiani. Ilikuwa hoteli moja kubwa pembeni mwa barabara kuu, mashariki mwa Johannesburg, mji ambao bahari kwake ni kitu cha kwenye runinga. Ndani walimwaga mchanga mweupe ulioletwa kwa malori kutoka pwani ya kaskazini ya Msumbiji, wakachimba bwawa lenye mashine ya kutengeneza mawimbi, wakasimamisha minazi ya plastiki, wakapaka dari rangi ya anga na kulimulika kwa taa hata ikawa saa tisa alasiri mwaka mzima. Mgeni alivishwa bangili ya plastiki ya njano, na kuanzia hapo hakuulizwa tena: ale, anywe, acheze voliboli ya ufukweni, ajipinde kwenye dansi ya kupita chini ya fimbo, apige makasia kwenye mtumbwi wa mpira. Kila kitu kimo. Maneno hayo yaliandikwa mlangoni kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, na hiyo ilikuwa kazi ya Wayne.

Wayne alikuwa meneja wa ukumbi wa chakula, Mkenya wa Nairobi aliyekisahau Kiswahili siku alipovaa tai, kisha akakikumbuka siku alipotaka kuwafurahisha wenye hoteli. Aliona kwamba Caribia na karibu ni maneno yanayoendana, akaamuru kila mhudumu, awe Mzulu, Mzimbabwe au Mkongo, amwambie mgeni anayeingia "Karibu Caribia," na anayetoka "Karibu tena," kiganja kikiwa kifuani. Aliyesahau alipelekwa kusugua masufuria. Kichwa chake kizuri hakikuwaza kwamba kwa anayejua Kiswahili jina lile la hoteli ni amri. Karibia. Yaani sogea.

Aliyeyasema maneno hayo kwa moyo kuliko wote alikuwa Falonne. Alikuwa Mkongo wa Uvira, kando ya ziwa, na aliishi mtaa wa Hillbrow katika chumba kimoja na binti yake wa miaka saba, Chloé. Baba wa mtoto alikwenda Cape Town kutafuta kazi, na inaonekana bado anaitafuta. Chloé alizaliwa hapo hapo mjini. Kiswahili alikisikia vizuri lakini hakukisema. Mama akiuliza kwa Kiswahili, mtoto alijibu kwa Kiingereza cha shule au kwa Kizulu cha barazani, na Falonne alikuwa ameacha kugombana naye. Mtoto huyo ndiye alikuwa kila kitu chake.

Kosa lenyewe lilitokea mwezi wa tatu wa mwaka 2019, wakati umeme ulipokuwa ukikatwa kwa zamu mji mzima. Falonne alikuwa mapumzikoni, nyuma ya miamba ya plastiki, mahali wahudumu walipojificha kula, kwa kuwa kugusa chakula cha wageni kulitosha kumfukuzisha mtu kazi. Alikuwa na kopo lake la nyumbani: bugali baridi na ndakala, wale dagaa wa ziwa waliokaushwa kwa chumvi nyingi, aliowapika asubuhi kwenye sufuria yake huku Chloé akimshikia kifuniko. Umeme ukakatika. Anga yote ikazimika mara moja, mashine ya mawimbi ikanyamaza, na alasiri ile ya darini ikawa giza kabla jenereta haijawaka. Lakini Falonne aliendelea kusikia mawimbi, mazito kuliko yale ya mashine, yakija na kurudi.

Taa ndogo za dharura zilipowaka, mwanamke alikuwa amesimama mbele yake. Alivaa joho jeupe la taulo, lile wanalopewa wageni, nalo lilikuwa limelowa chapachapa. Miguu mitupu. Mkononi hakuwa na bangili. Hakumtazama Falonne hata kidogo, aliwatazama ndakala.

"Karibu, mama," Falonne alisema.

Alilisema kama walivyomfundisha kwao. Unakula, mtu anapita, unamkaribisha, naye anajibu asante, kula tu, anakwenda zake. Ni adabu tu. Katika mji huu Falonne alikuwa amewaambia watu karibu kwa miaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuketi.

"Nimekaribia," mwanamke akajibu, akaketi.

Alikula ndakala kwa vichwa na miiba, akafuta mchuzi kwa kidole, akalamba kopo hadi likang'aa. Kisha akainua uso na kuuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili laini cha pwani, "Na hapa kila kitu kimo?"

Falonne alikuwa ameulizwa swali hilo na wageni kila siku ya kazi. Jibu lilitoka lenyewe. "Ndiyo, mama. Kila kitu kimo."

Mwanamke akatabasamu. Anga ikawaka tena, watoto wa wageni wakashangilia, na Falonne akajikuta peke yake. Pale alipoketi mgeni mchanga ulikuwa umelowa, na ulinuka bahari. Bwawa la Caribia lilinuka dawa ya klorini tu, siku zote.

Wiki hiyo Chloé alianza kula. Mwanzoni Falonne alifurahi, maana mtoto alikuwa mchaguzi. Marcelline, jirani wa chini aliyemwangalia Chloé baada ya shule, alisema amemaliza sahani mbili na bado anaomba. Lakini mashavu yalizidi kuingia ndani, midomo ikapasuka, na miguu ikawa inamtetemeka akipanda ngazi. Chumvi ya kabatini iliisha. Falonne akanunua nyingine, nayo ikaisha. Kisha siku moja mtoto alijikwaa mlangoni akalia, mama akamwinua na kumbusu mashavu yaliyolowa, akasita. Akalamba midomo yake mwenyewe. Akambusu tena, mara hii kwa kusudi, kama anayeonja mchuzi.

Machozi ya mwanawe yalikuwa maji matupu.

Kliniki walipima damu. Daktari alisema chumvi ya mwilini imeshuka vibaya, akamtundikia dripu, chumvi ikapanda, wakaruhusiwa. Walipofika nyumbani ikawa imeshashuka. Ikiendelea hivi, daktari alisema, ubongo utaanza kuvimba na mtoto atashikwa na degedege. Pasta wa kanisani alikuja na mafuta ya upako, akaomba mpaka jasho likamtoka, na Chloé akasinzia katikati ya maombi.

Kazini mambo yalizidi kuharibika. Wageni walikuwa wakali, Wayne mkali zaidi. "Eish, mnanifanyia makusudi," aliwaambia wahudumu, akiwatazama wageni wa nchi zaidi kuliko wenyeji, kana kwamba yeye mwenyewe alizaliwa Soweto. Aliyemtetea Falonne alikuwa Kagendo, binti wa Meru aliyeongoza michezo ya ufukweni. Lakini alasiri moja, kama alasiri inaweza kuitwa hivyo mahali ambapo haina mwisho, Kagendo alimfuata nyuma ya miamba akiwa bado na maji kwenye nywele.

"Falonne, sijui nikwambie aje," alinong'ona. "Nilikuwa naongoza mazoezi ya majini."

Falonne hakulipenda jina la mazoezi hayo tangu zamani, na anayejua Kiswahili anajua kwa nini.

"Nikawaambia wainue mikono. Wakainua wote. Unajua kila mkono uko na bangili ya njano, si ndiyo? Sasa kule kwa kina kirefu kulikuwa na mikono miwili haina. Imenyooka tu. Nikangoja kichwa kitokee." Akageuka kutazama bwawa. "Hakikutokea. Nikasema shusheni. Ikashuka pamoja na ya wengine."

"Mikono ya mwanamuke?"

"Ya mwanamke. Na mkono wa joho jeupe."

Ndipo Falonne akasimulia yote, habari ya kopo, ya giza, ya lile neno nimekaribia. "Minaogopa, Kagendo," alisema mwishoni. "Iko anakula mutoto wangu."

Siku hiyo aliomba ruhusa na kuondoka mapema. Jua la kweli lilikuwa bado juu ya Hillbrow alipopanda ngazi, wauzaji wa ndizi wakiitana chini, teksi zikipiga honi, na kabla hajafika mlangoni alisikia kijiko kikikwangua sufuria, polepole, kwa uvumilivu, kama anayetaka kupata ukoko wa mwisho, akajiambia ni Marcelline amempandishia mtoto chakula, lakini Marcelline alikuwa kibarazani chini na alikuwa amempungia mkono alipopita, na ufunguo ulipozunguka harufu ya bahari ilimjia usoni, ile harufu ya mwani na ya kitu kilichokaa majini muda mrefu, na sakafu ilikuwa na nyayo zilizolowa kutoka dirishani hadi kwenye pazia la jikoni na kutoka kwenye pazia hadi kitandani, na kitandani Chloé alikuwa amekaa wima, sufuria tupu mapajani, macho yamemtoka, mkono wa mtu mwingine mweupe kwa maji ukimpapasa nywele kutoka nyuma, na mtoto huyo ambaye hakuwahi kusema sentensi nzima ya Kiswahili maishani mwake alimtazama mama yake akasema, kwa Kiswahili laini cha pwani kisicho na kasoro:

"Karibu, mama. Keti tule."

Falonne hakuketi. Alimnyakua mtoto, aliyekuwa bado ameikumbatia sufuria, akashuka naye ngazi mbio, na hakurudi ndani ya chumba kile. Walilala kwa Marcelline, na Falonne alikuwa na chuki kifuani juu ya yule mwanamke, chuki ambayo hakujua kama anaweza kuibeba.

Kagendo ndiye aliyejua mtu wa kuwasaidia, huko Fordsburg. Mwanaasha alishona mabaibui katika kibanda ndani ya soko moja kubwa la maduka. Alikuwa mwanamke wa Tanga, wa makamo, mwenye tepi ya kupimia shingoni na ulimi usio na subira. Uganga alirithishwa na baba yake bila kuulizwa, na alifanya kila njia watu wasijue. Alisikiliza huku akibana pini za ushonaji mdomoni, kisha akazitoa moja moja.

"Mchanga ule umetoka pwani, na huyo ametoka na mchanga," alisema. "Jini wa bahari. Wamemchota na sepetu bila kujua, wamemleta huku juu kwenye maji ya dawa. Ana njaa ya chumvi. Alikuwa anadokoa kwa wageni tu, angedokoa mpaka akachoka. Weye ukamkaribisha."

"Nilisema tu neno, mama. Ni heshima."

"Ungempa chakula cha hoteli angebaki na hoteli. Umempa cha sufuria yako. Kisha umemwambia kila kitu kimo." Mwanaasha alimtazama Chloé, aliyelala begani kwa mama yake akihema kwa midomo iliyopasuka, na ukali ukampungua kidogo. "Mwenye kukaribisha ndiye wa kuaga. Mimi sitaweza kumtoa kwa ajili yako. Nitakaa karibu nisome, yeye asikuguse. Maneno ni yako."

"Nitasema nini?"

"Utajua. Ila usimpe neno la adabu hata moja. Usimwambie asante, usimwambie pole. Adabu ndiyo iliyokuponza."

Mwanaasha aliingia Caribia kesho yake kama mgeni wa kutwa, kwa bangili aliyopewa na Kagendo, amevaa baibui na miwani ya jua, akilalamika tangu mlangoni. Udi hangeweza kuufukiza, maana dari lilijaa ving'ora vya moshi. Alileta marashi ya waridi na bakuli la chumvi ya mawe. Walikaa nyuma ya miamba wakati wageni wako mezani. Falonne alifungua kopo lake. Ndakala, chumvi nyingi, sufuria ile ile.

Safari hii umeme haukukatika. Anga ilibaki ya buluu na mashine ikaendelea na mawimbi yake ya uongo, na upande wa pili wa miamba watu walicheka na kugonganisha glasi, na Falonne akaona mchanga ukilowa, kwanza mbali, kisha karibu, alama ya mguu baada ya alama ya mguu, hakuna aliyeikanyaga, mpaka alama za mwisho zikasimama mbele ya magoti yake na juu yake likawapo lile joho. Mwanamke alikuwa amenenepa. Mashavu yake yalikuwa mashavu ya Chloé wa zamani, na hicho ndicho kilichomuuma Falonne zaidi ya yote.

Mgeni akanyoosha mkono kwenye kopo. Falonne akafunika kifuniko.

"Chakula imeisha," alisema.

"Mbona nakiona?" Sauti ilikuwa ya upole bado. Nyuma ya Falonne, Mwanaasha alikuwa akisoma kwa kunong'ona, vidole vimezama katika bakuli la chumvi.

"Imeisha kwa wewe. Ulikula, ulishiba. Enda."

Upole ukaondoka. Maji yalianza kumtoka mwanamke masikioni, puani, kwenye mikono ya joho, maji yanayonuka samaki aliyeoza, na mdomo wake ulipofunguka ulikuwa mweusi ndani hadi chini kabisa. "Uliniita. Nilisoma mlangoni, karibia, nikakaribia. Nilikuuliza kama kila kitu kimo. Ukasema kimo. Nimechukua nini ambacho hukunipa? Mtoto nimeanza, mtoto nitamaliza."

Mchanga ulimfikia Falonne kiunoni sasa, au yeye alikuwa anazama, hakujua. Aliogopa mpaka akahisi mkojo ukimtoka. Lakini neno lile lilikuwa limemkaa kichwani tangu kibandani kwa Mwanaasha, akiligeuzageuza, na sasa akalitoa.

"Nilisema kila kitu," alisema. "Kitu. Mutoto si kitu. Mutoto ni mutu. Hakuna siku nilisema kila mutu."

Maji yakaacha kumtoka jini.

"Kula mchanga, kula minazi, kula hoteli," Falonne akaendelea, akilia sasa, hasira ikimpanda kuliko woga. "Bitu vyote nilikupa. Mutoto hayumo."

Mwanaasha akasoma kwa sauti zaidi. Kisha joho likaanguka mchangani likiwa tupu, taulo tu la hoteli. Chumvi katika bakuli ilikuwa imekuwa maji. Mwanaasha alijifuta uso kwa ukaya.

"Neno limemfunga," alisema. "Hana haki tena, na anajua. Atatoka leo kwa mlango alioingilia, pamoja na wageni wanaoondoka. Kamwangalie mwanao. Na leo usisimame mlangoni, unanisikia?"

Simu ililia kabla Falonne hajainuka vizuri. Alikuwa Marcelline, akicheka na kulia pamoja. Akampa mtoto simu. "Mama," Chloé alisema kwa Kiingereza chake, "nimelia kidogo, na machozi yameingia mdomoni, na ni ya chumvi. Mama, nataka chipsi."

Falonne aliketi juu ya mwamba wa plastiki akalia kwa furaha, bila aibu, pua ikimtiririka. Alikuwa amempata mwanawe. Akafua sketi yake chooni, akavaa nyingine, akaenda kumwomba Wayne ruhusa.

"Ruhusa tena?" Wayne alisema. "Basi la wageni wa Pasaka linaondoka sasa hivi na sina mtu mlangoni. Simama pale, waage, halafu uende na usirudi ukitaka."

"Boss, mulango hapana. Tafadhali."

"Mlangoni, Falonne, ama masufuria mpaka jioni."

Jioni ilikuwa mbali na mtoto alitaka chipsi. Falonne akasimama kando ya mlango ule mkubwa wa kioo unaozunguka, akaapa hatafungua mdomo. Wageni wakapita na masanduku yao na ngozi zilizobabuka kwa taa. Yeye akatikisa kichwa tu, akitafuta kwa macho joho jeupe na miguu mitupu. Wayne akaja kusimama nyuma yake. "Mdomo, Falonne. Mdomo."

Akaweka kiganja kifuani. "Karibu tena," akamwambia mzee mmoja, akamkagua miguu, amevaa viatu. "Karibu tena." Familia ya watu wengi. "Karibu tena, karibu tena." Moyo wake ulikuwa Hillbrow, kwenye sahani ya chipsi zenye chumvi na siki, na midomo ilijiendea yenyewe kama ilivyozoea. Akapita mwanamke mnene mwenye kofia pana ya majani, gauni la maua, viatu vizuri, mkononi bangili ya njano. Alikuwa akivuta sanduku dogo la magurudumu. Aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Asante kwa chakula," alisema.

"Karibu tena, mama," Falonne akajibu.

Ndipo alipokitambua kile Kiswahili laini cha pwani. Alitazama chini. Magurudumu ya sanduku yalikuwa yameacha mistari miwili ya maji sakafuni, kutoka ufukweni hadi mlangoni, na maji yalinuka mwani. Mbele ya ukumbi Mwanaasha alikuwa amesimama ameshika mkono wake mtupu, pale bangili ilipokuwa, mdomo wazi, amechelewa.

Mlango ulikuwa umeshamfikisha mwanamke nje, kwenye jua la kweli. Lakini mlango wa kuzunguka humrudisha ndani anayeendelea kusukuma, na yeye aliendelea kusukuma, bila haraka, kofia ikipita nyuma ya kioo, hadi uwazi ukamfikia Falonne tena.

"Nishakaribia," alisema.

Mfukoni mwa aproni ya Falonne, simu ikaanza kulia.